Breki za Trela Hazishiki: Pima Kwanza, Kontrola Nunua Baadaye

Dereva wa pikapu akihisi trela inamsukuma badala ya kumsaidia kusimama, lawama ya kwanza huiangukia kontrola ya breki, kile kisanduku kidogo chini ya dashibodi. Inang'olewa, inafungwa mpya ya bei ya juu zaidi, na trela inasukuma vilevile. Mara nyingi kosa liko mita kadhaa nyuma yake: ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye hasi) iliyoshika kutu, sumaku iliyolika, au shuu (viatu vya breki vinavyobana dramu kwa ndani) ambazo hazijakazwa tangu trela itoke kiwandani. Kazi ya kontrola ni kupeleka umeme, basi. Ikiwa umeme haufiki, au unafika kwenye breki isiyoweza kubana, hakuna kontrola duniani itakayokusaidia.

Hapa tunazungumzia breki za umeme za dramu, zinazotumika kwenye trela nyingi za Marekani na Kanada: za kubebea magari, za mashine za bustani, na nyumba za kusafiria. Wenzetu wa huko wanaobeba magari ya mnada ndio hasa zitakaowahusu.

Kwanza hakikisha trela yako kweli ina breki za umeme. Trela za kukodi za kampuni ya U-Haul zenye breki na trela nyingi za boti zina breki za msukumo: trela ikisogea mbele kuelekea pikapu, pistoni iliyo kwenye shingo yake inabana mafuta ya breki. Hizo hazihitaji kontrola wala haziwezi kuitumia. Na hapa pana mtego. Trela ya msukumo yenye plagi bapa ya pini tano ina waya wa bluu pia, lakini waya huo ni wa taa za rivasi, kazi yake ni kuzuia breki zisibane unaporudi nyuma. Ukiuunga na waya wa bluu wa kontrola utakuwa umefunga kitu kisichohusika kabisa.

Unachohitaji mkononi

Mita ya kawaida ya volti na omu, klampu mita inayopima mkondo wa DC (nyingi za bei rahisi hupima AC pekee, soma kabla ya kulipa), jeki na stendi zake, na betri moja ya volti 12 iliyochajiwa. Kipimajoto cha kulenga kutoka mbali kinasaidia sana.

Halafu namba. Ndani ya kila dramu kuna sumaku ya umeme kwenye ncha ya mkono wa chuma. Umeme ukifika, sumaku inajibandika kwenye uso wa ndani wa dramu. Dramu inayozunguka inaiburuta, mkono unageuka, na shuu zinasukumwa nje zibane. Kwa breki za inchi 10 na inchi 12, sumaku moja ina ukinzani wa takriban omu 3.2 na hula kama ampea 3 breki zikiwa zimebonyezwa hadi mwisho. Trela ya ekseli moja ina sumaku mbili, kwa hiyo ampea 6. Ekseli mbili ni ampea 12, ekseli tatu 18. Breki ndogo za inchi 7 zina takriban omu 3.9 na hula ampea 2.5 kila moja. Ziandike namba hizi kwenye kifuniko cha sanduku la spana, maana karibu kila jibu linatoka humo.

Kontrola haiwaki kabisa

Kontrola nyingi zina nyaya nne. Mweusi ni umeme kutoka betri, mweupe ni ethi, mwekundu unatoka kwenye swichi ya taa za breki, wa bluu unakwenda kwenye trela. Rangi hizo ni za kontrola, si za pikapu. Kwenye magari mengi ya GM, kwa mfano, waya mwekundu wa kiwandani ndio unaobeba umeme wa betri. Anayeunga mwekundu kwa mwekundu bila kupima anaunguza kifaa siku hiyohiyo.

Pima mweusi kwa mweupe: lazima uone volti 12 na zaidi hata swichi ya gari ikiwa imezimwa. Usipoona, angalia sakitibreka (kikata umeme) iliyo karibu na betri (ampea 20 kwa breki mbili hadi nne, ampea 30 kwa sita hadi nane), kisha fyuzi na rilei za kuvutia trela kwenye sanduku la fyuzi. Kwenye Chevrolet Silverado na GMC Sierra nyingi za miaka ya 2000 utakuta waya wa nguvu uliachwa na kiwanda bila kuungwa, umefungwa utepe na kuegeshwa karibu na sanduku la fyuzi chini ya boneti. Gari liko sawa. Aliyefunga kontrola ndiye hakumaliza kazi.

Mweupe upeleke kwenye ethi ya kweli, ikiwezekana moja kwa moja hadi hasi ya betri. Skrubu iliyopigwa kwenye bati la dashibodi itakushughulisha miezi michache baadaye.

Kontrola inawaka lakini haioni trela

Kontrola inajua trela ipo kwa kuhisi sumaku kupitia waya wa bluu. Ikisema hakuna trela, njia hiyo imekatika mahali.

Chomoa plagi ya pini saba ya trela, weka mita kwenye omu, pima kati ya pini ya breki na pini ya ethi upande wa trela. Gusanisha kwanza ncha za nyaya za mita zenyewe uone zinasoma ngapi, kwa kawaida 0.2 au 0.3, kisha uitoe kwenye jibu. Ekseli moja yenye breki mbili isome karibu 1.6. Ekseli mbili zenye breki nne, karibu 0.8. Ukiona 3.2 kwenye trela ya ekseli moja, sumaku moja tu ndiyo iliyounganishwa. Mita isiposoma chochote, waya umekatika au ethi imeachia kabla ya kufika kwenye breki.

Trela ikisoma vizuri, geukia soketi ya pikapu. Mtu abonyeze swichi ya mkono ya kontrola, ile inayobana breki za trela peke yake, hadi mwisho, wewe pima volti kwenye pini ya breki. Kuna kontrola ambazo hazitoi umeme wa kueleweka mpaka zihisi mzigo, hivyo unganisha trela na upime kwa kudunga waya wa bluu nyuma ya plagi. Angalia pia pini zenyewe: kutu ya kijani, pini iliyopanuka ikawa hailigusi koleo la plagi, maji yaliyotuama ndani ya kifuniko. Soketi iliyooza ibadilishe. Kuikwangua kwa bisibisi kunakupa wiki mbili tu.

Pikapu yenye kontrola ya kiwandani huandika ujumbe kwenye dashibodi, mathalani trela imekatika, na ujumbe ukija na kutoweka barabarani wakati trela bado ipo nyuma, anza na soketi hiyohiyo. Waya wa ethi wa trela ufuate pale pale: ukipoteza ethi, umeme unatafuta njia kupitia mpira wa chuma wa kufungia trela, na mpira ule una grisi.

Kontrola inaonyesha nguvu kamili, trela haisimami

Hii ndiyo dalili inayowagharimu watu pesa bure kuliko zote, kwa hiyo tuipe nafasi.

Washa injini. Zungusha klampu mita kwenye waya wa bluu peke yake, geini (kiwango cha nguvu ya breki unachoweka kwenye kontrola) iwe juu kabisa, bonyeza swichi ya mkono hadi mwisho. Pima katika nguvu kamili pekee: chini ya hapo kontrola hutuma umeme kwa mapigo ya haraka na mita ya kawaida hudanganyika. Sasa linganisha na zile namba.

Ampea ziko pungufu kwa hatua za tatu, mfano 9 badala ya 12: sumaku moja haifanyi kazi. Ipate kwa kupima nyaya mbili za kila gurudumu, au kwa njia ya mkato ya kusogeza dira karibu na kila dramu wakati breki zimebonyezwa. Pale ambapo sindano haitikisiki ndipo penye sumaku iliyokufa au waya uliokatika.

Ampea ziko pungufu kwa breki zote, mfano 8 badala ya 12, ilhali kila sumaku inaitika: umeme unapotea njiani. Pima volti kwenye betri, kisha kwenye nyaya za sumaku ya mbali zaidi, breki zikiwa zimebonyezwa. Betri ikisoma 13.5 na sumaku 9, volti nne na nusu zimeishia kwenye nyaya na maungio. Sababu za kawaida ni waya mwembamba (geji 14 au 16 pale palipotakiwa geji 10 au 12), viunganishi vya kubana kwa plastiki vilivyoingiza maji, na ethi. Ondoa vile viunganishi vya plastiki vyote, funga vya kukandamiza vyenye gundi inayoyeyuka kwa joto. Halafu peleka waya mmoja mnene wa ethi kutoka kwenye plagi hadi kwenye ekseli, usitegemee chasi kubeba umeme wa breki.

Ampea ziko sawa kabisa, na bado trela haisimami: umeme umefanya kazi yake, tatizo ni la chuma. Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi, litoe, vua dramu.

Tazama sumaku kwanza. Uso wake uwe bapa. Weka ukingo wa rula juu yake. Ikiwa imelika upande mmoja, mkono unaoishika umelegea kwenye mhimili wake, au uso wa dramu una mikwaruzo mirefu. Ukiona rangi ya shaba ya koili inachungulia, sumaku imekwisha. Badilisha sumaku za pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, na dramu yenye mikwaruzo ichongwe au ibadilishwe, la sivyo itaila sumaku mpya pia.

Halafu lainingi, lile tabaka la msuguano juu ya shuu. Ikiwa ina grisi, ndilo jibu. Ekseli nyingi za Marekani zina nipeli ya kujazia grisi mwishoni mwa shafti, na anayepampu kwa haraka bila kuzungusha gurudumu anaipasua sili ya nyuma, grisi yote inamwagikia shuu. Lainingi iliyokunywa grisi haioshwi ikapona. Joto likipanda grisi inatoka tena. Nunua seti nzima ya breki pamoja na sahani yake ya nyuma. Bei yake mara nyingi haipishani sana na ya shuu peke yake, nawe unapata springi na sumaku mpya.

Ukifunga seti mpya, kuna ya kushoto na ya kulia. Shuu yenye lainingi fupi inaelekea mbele ya trela. Zikibadilishana pande, breki zitabana kwa ulegevu na ampea zitasoma vizuri tu, na utazunguka kutafuta kosa ambalo mita haiwezi kulionyesha.

Mwisho, mwanya kati ya shuu na dramu. Sumaku ina safari fupi ya kuisukuma shuu, na mwanya ukiwa mkubwa safari hiyo inaisha kabla shuu haijabana. Inua gurudumu, ingiza bisibisi au kijiko cha breki kwenye tundu la chini la sahani, zungusha kigurudumu chenye meno huku ukizungusha tairi hadi liwe zito kuzunguka. Kisha rudisha kama meno kumi, tairi lizunguke huru likigusa kidogo tu. Zungusha tairi kwa mwelekeo wa kwenda mbele pekee. Kampuni ya Dexter, inayotengeneza ekseli nyingi za huko, inataka kazi hii ifanywe baada ya maili 200 za kwanza, kisha kila maili 3,000. Breki zinazojikaza zenyewe zipo, lakini trela za bei nafuu mara nyingi hazinazo.

Breki mpya pia hazishiki vizuri mpaka lainingi ikae kwenye dramu. Barabara ikiwa tupu, fika maili 40 kwa saa, tumia swichi ya mkono pekee hadi mwendo ushuke maili 20, pandisha tena. Rudia mara 20 hadi 30, ukiacha breki zipoe katikati.

Breki zinabana ghafla, au zinachelewa

Hapa ndipo aina ya kontrola inapohusika kweli.

Kontrola ya muda inasikiliza swichi ya taa za breki tu. Ukigusa pedali, inaanza kupandisha nguvu hadi kiwango ulichoweka, ikikupa mteremko uleule iwe unapunguza mwendo taratibu kwenye foleni au unamkwepa mtu aliyeingia barabarani. Kwenye foleni inarusha, kwenye dharura inachelewa. Kontrola ya uwiano ina kihisi kinachopima jinsi pikapu inavyopunguza mwendo na kutuma nguvu inayolingana. Ukigusa kidogo, trela inagusa kidogo. Ukikanyaga kwa nguvu, nayo inabana kwa nguvu. Ya kiwandani inakwenda mbele zaidi kwa kuwa inajua shinikizo la mafuta ya breki ya pikapu yenyewe.

Ikiwa unayo ya uwiano na bado inarusha, tazama jinsi ilivyofungwa. Lazima ielekee mbele sambamba na mwendo wa gari na isitikisike hata kidogo. Iliyobandikwa kwa utepe wa kunata inatikisika kwenye matuta, na kihisi kinadhani gari linasimama. Za zamani zenye pendulamu, kama Tekonsha Voyager, zinahitaji kusawazishwa gari likiwa mahali tambarare; zikiinamia mbele zinabana mapema, zikilala nyuma zinachelewa.

Kama zinabana kwa mapigo unapowasha taa za hazadi au indiketa, waya mwekundu umeungwa mahali pasipo sahihi, kwenye waya wa taa ya nyuma unaochanganya breki na indiketa. Uhamishie kwenye waya wa swichi ya pedali ya breki, upande ule unaopata umeme pedali ikikanyagwa tu.

Breki zinazoshika kwa kurukaruka hata mwendo mdogo, kwa gurudumu moja, ni dramu iliyopoteza uduara au beringi iliyolegea.

Trela inavuta upande mmoja

Simamisha mara tano au sita mfululizo kwa swichi ya mkono, kisha lenga kipimajoto kwenye kila dramu. Iliyo baridi kuliko wenzake haifanyi kazi. Iliyo moto kupita kiasi inafanya kazi ya wawili au haiachii. Kwenye ekseli mbili watu hushangaa kukuta breki mbili za upande mmoja zimekufa miezi mingi, pikapu nzito ikiwaficha.

Breki haziachii, dramu zinatoa moshi

Chomoa plagi ya pini saba. Kama breki zimeachia, umeme unatoka kwenye pikapu: kontrola iliyoharibika, au waya wa bluu unaogusana na wa umeme wa kudumu ndani ya soketi yenye maji. Pini ya umeme wa betri na ya breki zote ziko kwenye soketi hiyo, na kutu yenye unyevu inaweza kupitisha umeme kutoka moja hadi nyingine.

Kama bado zimebana, angalia swichi ya dharura kwenye shingo ya trela. Ni ile yenye kamba na pini: trela ikichomoka, kamba inang'oa pini na betri ndogo ya trela inazibana breki. Pini iliyotoka kidogo, au swichi iliyoingiza maji, inabana breki huku hujui, na betri ikiisha zinaachia. Ndiyo maana dalili hii inapenda kutoweka fundi akifika. Zikiwa zimebana bila umeme wowote, umeikaza mno shuu au springi ya kurudisha imekatika.

Unapojaribu swichi ya dharura kwa makusudi, chomoa plagi kutoka kwenye pikapu kwanza. Ukivuta pini wakati plagi imechomekwa, umeme wa betri ya trela unarudi kinyumenyume hadi kwenye kontrola. Na kamba yake ifungwe kwenye chasi ya pikapu. Ikifungwa kwenye mnyororo wa usalama au kwenye kichwa cha kuvutia, kichwa kikichomoka kitaondoka na kamba pamoja. Sheria ya shirikisho ya Marekani kwa magari ya biashara inataka betri hiyo izishikilie breki kwa angalau dakika 15.

Onyo la shoti linakuja na kwenda

Kontrola za Prodigy huonyesha SH kwa shoti na OL kwa mzigo uliozidi. Za kiwandani huandika kuna hitilafu ya nyaya za trela. Onyo likija kwenye kona au kwenye matuta pekee, waya umechubuka mahali unapochezacheza.

Anza ndani ya ekseli. Watengenezaji wengi hupitisha waya wa breki kutoka upande mmoja hadi mwingine ndani ya bomba la ekseli, na pale unapoingia hakuna raba ya kuukinga. Unagonga ukingo wa chuma maili kwa maili hadi shaba ionekane. Usihangaike kuuvuta na kuurekebisha. Ukate pande zote mbili, uache humohumo, pitisha waya mpya nje ya ekseli ndani ya bomba la plastiki, ufunge kwa vishikio kila sentimita 30 hivi.

Kama onyo lipo muda wote, tenga. Chomoa nyaya za breki gurudumu moja baada ya jingine hadi onyo litoweke. Ukimaliza magurudumu yote na onyo bado lipo, kosa liko kati ya plagi na ekseli.

Breki za haidroliki zinazoendeshwa kwa umeme

Baadhi ya trela nzito zina pampu ya umeme inayobana mafuta, kwa kawaida hadi psi 1,000 kwa dramu na psi 1,600 kwa diski. Pampu hiyo haifanani na sumaku kwa kontrola, na kontrola isiyo na mpangilio wake itasema hakuna trela au itaituma vibaya. Kwenye pikapu za Ram unachagua kwenye menyu kati ya umeme na haidroliki, nyepesi na nzito. Kwenye Tekonsha Prodigy P3 upo mpangilio wa aina hiyo. Kabla ya kumlaumu yeyote, ingia kwenye menyu uone umechagua nini.

Umepima, kweli unahitaji kontrola mpya

Chagua kwa kufuata haya, kwa uzito huu.

Idadi ya breki kwanza. Kontrola ya ekseli mbili ukiipa ekseli tatu itajizima kwa joto mlimani, na huko ndiko unakoihitaji.

Pili, pikapu yako. Ford ilianza kuweka kontrola ya kiwandani kwenye Super Duty za 2005, na watengenezaji wengine wakafuata. Kama unayo, itumie. Usifunge ya pili juu yake: kontrola mbili kwenye waya mmoja wa bluu hugombana. Kama huna lakini pikapu ina kifurushi cha kuvuta, mara nyingi kuna plagi iliyojificha juu ya pedali. Nunua waya wenye plagi ya modeli na mwaka wako, kazi itaisha bila kukata waya hata mmoja.

Tatu, nunua ya uwiano. Ya muda ina nafasi yake: trela moja nyepesi, mzigo usiobadilika, safari fupi za tambarare, na inafungwa popote kwa pembe yoyote. Anayebeba gari leo na kurudi tupu kesho asiiguse.

Kontrola zisizo na waya, zinazochomekwa kati ya soketi na plagi na kuongozwa kwa simu, kama Curt Echo, zinafaa kwa mwenye pikapu mbili au gari la kukodi. Lakini zinakula umeme kutoka kwenye pini ya volti 12 ya soketi, na soketi nyingi pini hiyo haina umeme. Pima kabla ya kununua. Na swichi ya mkono inakuwa ndani ya simu. Trela ikianza kuyumba huku na huku kwa upepo, unachohitaji ni kubana breki za trela peke yake papo hapo, na kitufe halisi kilicho mahali pamoja daima kinashinda skrini.

Kontrola hizi ni za volti 12. Kwa wasomaji wenye malori ya Kijapani ya volti 24, kama yalivyo mengi Afrika Mashariki, usiiunge mpaka usome imeandikwa inakubali.

Sheria za breki hazifanani. California inadai breki trela ikizidi pauni 1,500, Texas 4,500, Ontario kilo 1,360. Kwa usalama wako fuata ya chini.

Kuweka geini

Pakia trela kama utakavyosafiri. Pasha breki moto kwa kusimama mara chache. Kwenye lami kavu na tambarare, mwendo wa maili 25 kwa saa, ambao ni kilomita 40, bonyeza swichi ya mkono hadi mwisho. Magurudumu ya trela yakiteleza, shusha geini. Yasipoteleza na unahisi ulegevu, pandisha. Unatafuta kiwango cha chini kidogo ya kuteleza. Trela iliyopakiwa sana huenda isiteleze kabisa hata geini ikiwa juu, na hilo si kosa mradi mvuto wake unauhisi wazi.

Kiwango hicho ni cha mzigo huo tu. Ukishusha gari ukarudi tupu na geini ileile, trela nyepesi itafunga magurudumu kwenye mvua ya kwanza na kuanza kukupita ubavuni, kwa hiyo shusha geini kabla ya kuwasha gari. Lami ikiwa imelowa ishushe tena kidogo, na mteremkoni tumia gia ndogo, breki za dramu zikipata joto kali hupoteza nguvu haijalishi kontrola inatuma ampea ngapi.